Bondia bora wa Mexico 1968 alikuwa Mkenya, na hakushinda dhahabu

Hebu nikuulize swali moja kabla hujakimbia kuangalia matokeo ya ligi. Ni kuhusu Olimpiki za Mexico, mwaka 1968. Hizo ndizo George Foreman alishinda dhahabu ya uzani mzito, kisha akazunguka ulingoni akipeperusha kibendera cha Marekani. Ndondi zilipokwisha, wakuu wa mchezo huo duniani walichagua bondia mmoja aliyecheza ngumi safi kuliko wote, awe wa uzani wowote na wa nchi yoyote, wakampa kombe. Walimpa nani?

Kama umesema Foreman, pole.

Nilirusha swali hilo hilo kwa kinyozi hapa Woodley, upande wa kushukia Adams Arcade, Jumamosi moja foleni ikiwa ndefu. Benchi nzima ikajibu kwa sauti moja: Wangila! Nikawaambia Wangila ni 1988, Seoul, hebu rudini nyuma miaka 20. Msee mmoja akajaribu Conjestina, tukamcheka vizuri. Halafu mzee aliyekuwa akinyolewa ndevu akasema "Waruinge" bila hata kufungua macho, na wembe ukaendelea na kazi.

Philip Waruinge. Uzani wa unyoya. Mexico alimaliza na shaba, lakini kombe la bondia bora wa mashindano yote likaenda kwake. Kama una umri wangu, yaani ulizaliwa wakati Kenya haipati tena medali ya ndondi popote pale kwenye Olimpiki, kuna uwezekano mkubwa hujawahi kulisikia jina hilo. Usione aibu. Hakuna aliyetufundisha. Shuleni tulifundishwa Kipchoge Keino, na ni sawa kabisa, lakini ndege iliyompeleka Keino Mexico ni ya kikosi kile kile.

Kwanza tuelewane kuhusu uzani wenyewe. Unyoya ni kilo 57. Beba mfuko wa simiti wa kilo 50, ongeza pakiti tatu za unga za kilo mbili mbili, halafu kilo moja ya sukari. Basi, huyo ndiye mtu mzima anayepanda ulingoni. Jina linadanganya, kwa sababu unyoya huu ukikugusa utosini utatafuta meno. Lakini watu wa kilo hizi hawashindi kwa nguvu za kubomoa ukuta. Wanashinda kwa miguu, kwa jicho, na kwa kuingia ndani na kutoka kabla hujajua umeguswa. Na hapo ndipo matatizo yao huanzia: ngumi ya Foreman hata kipofu anaisikia, ila ngumi ya bondia wa unyoya inahitaji jaji aliye macho.

Shika hilo neno, jaji. Tutarudi kwake sana.

Waruinge ni zao la Nakuru. Enzi hizo Nakuru kwa ndondi ilikuwa kama Iten ilivyo leo kwa mbio. Hadi wana ukumbi wa mazoezi unaoitwa Madison Square Garden, jina la ule ukumbi mkubwa wa New York, limebandikwa tu kwa ukumbi wa mtaa bila kuomba mtu ruhusa. Napenda sana watu wanaojiita wakubwa kabla ya kuwa wakubwa.

Alizaliwa 1945. Mwaka 1964 akiwa na miaka 19 alikuwa tayari Tokyo kwenye Olimpiki, na Kenya yenyewe ilikuwa na uhuru wa miezi kumi tu. Hakurudi na medali. Medali pekee ya nchi mwaka ule ilikuwa shaba ya Wilson Kiprugut kwenye mita 800. Miaka miwili baadaye akaenda Kingston, Jamaica, kwa michezo ya Jumuiya ya Madola, akarudi na dhahabu. Mwaka 1970 akaenda Edinburgh kwa michezo ile ile, akaitwaa tena, safari hii akimshinda Deogratias Musoke wa Uganda kwenye fainali. Napita haraka hapo, si kwamba dhahabu mbili ni kitu kidogo. Ni kwamba hadithi yenyewe iko Mexico, katikati ya hizo mbili.

Siku hizo pambano la Olimpiki lilikuwa raundi tatu, dakika tatu tatu. Majaji watano walikaa pembeni mwa ulingo, kila mmoja na karatasi yake. Aliyeshinda raundi alipewa pointi 20, aliyeshindwa akapewa pungufu kidogo. Mwisho kila jaji anajumlisha na kutaja mshindi wake. Hakuna mashine, hakuna marudio ya video. Watatu wakikutaja, umeshinda. Wawili wakikutaja, unaenda kuoga.

Waruinge alifika nusu fainali. Aliyekutana naye ni Antonio Roldán, kijana wa Mexico, ndani ya ukumbi wa Arena México, jijini Mexico. Unaweza kujaza mwenyewe kelele za siku hiyo. Majaji watatu wakamtaja Roldán, wawili wakamtaja Waruinge. Mkenya akabaki na shaba, ambayo kwa njia ilikuwa medali ya kwanza kabisa ya Kenya ya ndondi kwenye Olimpiki.

Ngoja, haijaisha. Roldán akaenda fainali na kukutana na Mmarekani, Al Robinson. Robinson alikuwa anakuja vizuri, Roldán akapasuka, damu ikatoka. Refa akaamua kwamba Robinson amempiga mwenzake kichwa, akamtoa kwenye pambano. Roldán akapewa dhahabu. Kwa hivyo bingwa wa Olimpiki wa uzani wa unyoya mwaka 1968 alipita nusu fainali kwa karatasi ya jaji mmoja, na akapita fainali kwa uamuzi wa refa. Simlaumu yeye, kazi yake ilikuwa kupigana na alipigana. Lakini ukiwa wewe ndiwe umekaa pale na shaba yako shingoni, utalala?

Ndipo likaja lile kombe. Linaitwa Kombe la Val Barker, lilianza kutolewa 1936, na lilikuwa likipewa bondia aliyeonyesha ustadi kuliko wote kwenye Olimpiki. Kwa kawaida lilimwendea bingwa fulani mwenye dhahabu. Mwaka 1960 alipewa Nino Benvenuti wa Italia, mwaka 1972 Teófilo Stevenson wa Cuba, mwaka 2008 Vasyl Lomachenko wa Ukraine. Wote dhahabu. Katika historia yote ya kombe hilo, waliolipata bila dhahabu ni watu watatu pekee. Louis Laurie wa Marekani mwaka 1936, shaba. Philip Waruinge wa Kenya mwaka 1968, shaba. Na Roy Jones Junior wa Marekani mwaka 1988, fedha.

Kuhusu Roy Jones huenda unajua. Kule Seoul alimtandika Park Si-hun wa Korea Kusini fainali nzima, dunia ikiangalia, halafu majaji wakampa Park, tatu kwa mbili. Mpaka leo pambano hilo hutajwa kila watu wakizungumza kuhusu wizi kwenye ndondi. Kuna filamu, kuna makala, YouTube imejaa. Roy Jones alinyimwa, na ulimwengu mzima unajua alinyimwa. Wa kwetu naye alikosa kwa hesabu ile ile, tatu kwa mbili, akapewa kombe lile lile, na hapa kwa kinyozi anajulikana na mtu mmoja aliyefumba macho.

Sisemi Waruinge aliibiwa. Siwezi kukuambia hivyo kwa sababu tu jina ni la kwetu. Nasema tu wale wale walioendesha mashindano yaliyompa shaba ndio waliosema alikuwa bora kuliko wote. Hizo kauli mbili ziweke pamoja ujionee mwenyewe.

Tuseme basi bahati mbaya huja mara moja. Mwaka 1972, Munich. Waruinge sasa ana miaka 27, ni Olimpiki zake za tatu, amekomaa. Safari hii anafika fainali yenyewe. Mpinzani ni Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti. Raundi tatu, majaji watano. Nadhani unaona inakoenda.

Tatu kwa mbili.

Fedha. Ni medali pekee ya fedha ambayo Kenya imewahi kupata kwenye ndondi za Olimpiki. Mwaka huo Samuel Mbugua na Dick Murunga nao walileta shaba, kwa hivyo Munich tulirudi na medali tatu za ngumi, na hatujawahi kurudia. Baadaye Ibrahim Bilali alipata shaba Los Angeles 1984, na Chris Sande shaba Seoul 1988 kando ya dhahabu ya Wangila. Jumlisha: medali saba tangu uhuru. Ya mwisho ni ya 1988. Olimpiki za Paris 2024 hatukuwa na bondia hata mmoja, na hapo ndipo nilipoanza kuchimba haya yote, nikiwa nimekaa nikitazama mapambano ya watu wengine.

Sasa fanya hesabu ya kodi ya nyumba. Una miaka 27. Una dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, shaba, fedha, na kombe linalosema wewe ndiye fundi kuliko Foreman. Zote ni za ridhaa. Ridhaa maana yake hulipwi, na si kwamba mtu amesahau kukulipa, ni sheria. Enzi hizo ukipokea pesa ya kupigana, Olimpiki zimekwisha kwako, na sheria hiyo ilikaa hadi 2016 ndipo wanaolipwa wakaruhusiwa. Bondia wa Kenya alitegemea mwajiri. Hadi leo ni hivyo: timu kubwa ni za jeshi, za polisi, za magereza. Unapigana vizuri, unaajiriwa, unapata mshahara wa askari. Si vibaya. Wengi hapa mtaani wangeuchukua kesho asubuhi. Lakini ni mshahara wa kuwa askari, si malipo ya ngumi zako.

Hili linanigusa pabaya kidogo, ndiyo maana naling'ang'ania. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na kuna ofisi fulani ambayo hadi leo imeshikilia matokeo yangu. Najua nilichosoma, walionifundisha wanajua, ila karatasi haitoki. Kwa hivyo nikiona mtu aliyetajwa kuwa bora na bado hana kile kitu ambacho watu huuliza wakikuona, mimi sihitaji kuelezewa.

Waruinge alifanya kile ambacho vijana wa Nairobi bado wanafanya hesabu ikigoma. Alitoka nje. Mwaka 1973 aliingia ndondi za kulipwa, na hakuingilia London wala Las Vegas. Alienda Japani.

Ukiwaza haraka utaona ni mahali pa ajabu. Ukitulia utaona ni akili. Japani ilikuwa na wazimu wa uzani mdogo. Nchi ile ilikuwa imetoka tu kutoa mabingwa wawili wa dunia wa unyoya: Shozo Saijo, aliyeshika taji la WBA kuanzia 1968, na Kuniaki Shibata, aliyemvua Vicente Saldívar taji la WBC mwaka 1970 huko Mexico kwenyewe. Marekani, mtu wa kilo 57 ni wa kufungua usiku kabla ya wakubwa kuingia. Japani, ndiye pambano kuu, watu wamelipa, televisheni imewashwa. Fundi hupeleka bidhaa yake sokoni inakonunuliwa, si pale penye taa nyingi.

Ila soko lile lilikuwa na masharti yake. Mfumo wa Japani ni wa jimu. Bondia ni wa jimu fulani, na mwenye jimu ndiye meneja, mara nyingi ndiye promota pia, ndiye anayekutafutia pambano na ndiye mnayegawana naye. Wageni nao mara nyingi walipewa majina ya ulingoni ambayo shabiki wa Kijapani angeweza kuyashangilia. Wetu akawa Waruinge Nakayama. Ukitafuta rekodi zake za kulipwa, humo ndimo amelala, chini ya jina ambalo hapa nyumbani hakuna mtu angeligeukia. Waruinge likawa jina la kwanza. Nusu ya sababu ya sisi kumpoteza iko hapo.

Na kulikuwa na umri. Mtu akianza ngumi za kulipwa na miaka 28, saa inaenda mbio. Wenzake wa unyoya huwa wameingia wakiwa na miaka 18 au 19, wamepigana raundi nne, sita, nane, kumi, wamefundishwa polepole jinsi ya kugawa pumzi. Yeye alikuwa na miaka karibu kumi ya ridhaa mwilini: raundi tatu za kasi, kugusa na kutoka, jaji ahesabu. Ngumi za kulipwa ni kitu kingine. Pambano la taji siku zile lilikuwa raundi 15. Kugusa na kutoka raundi ya 13 hakuwi kugusa na kutoka tena, ni kuburuta miguu huku mtu akikutafuta mbavu.

Taji lilikuja kumbishia hodi 1976. WBC walikuwa wamefungua uzani mpya kati ya bantam na unyoya, kilo 55.3, na walihitaji bingwa wa kwanza. Aprili 3, jijini Panama, Waruinge Nakayama dhidi ya Rigoberto Riasco. Riasco ni wa wapi? Wa Panama, bila shaka. Soma tena: mwanamume wa miaka 31, ameshuka karibu kilo mbili chini ya uzani aliokulia, amesafiri nusu ya dunia, anapigania taji nyumbani kwa mwenyeji. Safari hii majaji hawakuhitajika. Pambano lilikomea raundi ya 8, na Riasco akawa bingwa wa kwanza kabisa wa uzani huo.

Kinachoniuma ni hiki. Miezi sita baadaye, Oktoba mwaka huo huo, Riasco alisafiri hadi Tokyo na kupigwa na Mjapani Royal Kobayashi, raundi ya 8 hiyo hiyo. Mkanda ukahamia mji ambao Waruinge alikuwa amepigania riziki. Laiti pambano la Aprili lingepigwa Tokyo na la Oktoba likapigwa Panama, labda leo tungekuwa na jina la Mkenya pale juu kabisa kwenye orodha ya uzani ule. Labda. Miaka 31 ni miaka 31 popote.

Sasa nataka nikuonyeshe kitu kingine kabla sijafika kwa kijana wa hapa mtaani. Robert Wangila, yule wa benchi la kinyozi. Seoul 1988 alishinda dhahabu kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Olimpiki wa ndondi. Hakungoja karatasi za majaji. Wote wawili wakaingia ngumi za kulipwa. Mfaransa akarudi kwao, akapigana kwao, akajengwa kwao pambano kwa pambano, akawa bingwa wa Ulaya, na mwaka 1996 akatwaa taji la dunia la WBA. Mkenya aliyempiga akaenda Marekani, na Julai 1994 akapigana Las Vegas na David Gonzalez, akaumia kichwani na akafa. Yule wa fedha akawa bingwa wa dunia. Yule wa dhahabu tukamzika.

Na kati ya hao wawili kuna Stephen Muchoki, bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978 kule Belgrade, uzani mwepesi kabisa. Olimpiki za 1976 na 1980 Kenya ilisusia, naye akasusiwa nazo. Alipopata nafasi ya taji la kulipwa mwaka 1982 alilipigania Copenhagen na Santos Laciar wa Argentina, akashindwa. Huoni mtindo? Hatukosi mikono. Tunakosa mahali pa kuitumia hapa nyumbani. Promota wa hapa akipata ukumbi anakosa televisheni, akipata televisheni anakosa mdhamini, na bondia analipwa baada ya wiki tatu, akilipwa.

Kuna mwingine unaweza kumkumbuka mwenyewe. Nick Okoth, mwanajeshi, wanamwita Commander. Olimpiki za Tokyo zilizopigwa 2021, uzani wa unyoya, mji ule ule aliokwenda Waruinge na miaka 19. Okoth alikutana na Tsendbaatar Erdenebat wa Mongolia raundi ya kwanza tu. Majaji watano. Unataka nikuambie matokeo? Tatu kwa mbili, akatoka. Niliangalia pambano lile kwa simu nikiwa kwa matatu ya Ngong Road, na wakati ule sikujua naangalia hadithi ya miaka 53.

Haya, kijana wangu. Anaishi ng'ambo ya Toi, upande wa Kibera. Sitamtaja jina kwa sababu ameniomba hivyo. Asubuhi saa kumi na moja na nusu utampata akikimbia kuzunguka viwanja vya Joseph Kang'ethe, na saa mbili yuko mjengo, anapandisha mawe kwa yale maghorofa yanayomeza Woodley yetu ya nyumba za zamani. Jioni jimu. Amepigana mapambano matano ya kulipwa, ameshinda manne. Uzani? Unyoya.

Mwezi huu alipigiwa simu na meneja fulani. Kuna pambano nje, nchi ya mbali, raundi nane, ndani ya wiki mbili. Bondia wa mwanzo ameumia, wanatafuta mtu. Tiketi watalipa, pesa ni nzuri, ni zaidi ya anachopata mjengo kwa miezi minne. Akaja kwangu kwa sababu mimi huandika, na mtaani mtu anayeandika hudhaniwa anajua mikataba.

Sijui mikataba, ila najua kusoma. Nikamwambia wewe unajua unachoitiwa. Mtu anayeitwa na notisi ya wiki mbili kwenda kupigana na mwenyeji, kwa raundi ambazo hajawahi kufika, mara nyingi ameitwa ili mwenyeji apate picha nzuri. Akaniambia, "Buda, najua. Si mimi mjinga. Lakini nikikaa hapa naitiwa nini?"

Sikuwa na jibu, kwa hivyo nikampa hadithi hii unayosoma, nzima, kuanzia Nakuru. Alisikiliza vizuri. Alipenda sana ile ya kombe na Foreman. Panama alitikisa kichwa. Nilidhani ataniambia basi nimeelewa, siendi, ama ataniambia wacha hizo hadithi za wazee. Hakusema lolote kati ya hayo. Alichukua simu, akampigia yule meneja nikiwa pale pale, akaweka spika, akauliza mambo mawili. Tukipima uzani, mpinzani atapimwa mbele yangu? Na majaji, ni wa wapi?

La kwanza alijibiwa ndiyo. La pili meneja alicheka. Majaji ni wa kule kule, akasema, kwani ulitaka watoke Nairobi?

Kijana akasema sawa, atampigia kesho. Tukatembea hadi kituo cha matatu, kwa yule jamaa wa mizani ya shilingi 10. Akavua viatu, akanipa simu na funguo nishike, akapanda. Kilo 58 na nusu. Akashuka, akahesabu siku kwa vidole.

"Nne zinatosha," akasema, akavaa viatu.